Kuchuma Ukiwa Nyumbani: Nani Atatia Mkono Ndani ya Rundo?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema anastahiki Yeye, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.



Maneno haya niliyasema kwa ufupi baada ya sala ya Alasiri, siku jumuiya yetu ilipokuwa ikijadili namna mwanafunzi wa Kiislamu anavyoweza kujipatia fedha za ziada akiwa chumbani kwake. Siku ile nilisema nusu tu. Nusu niliyoificha ndiyo yenye faida zaidi, kwa hiyo leo naiandika, nikimwomba Mwenyezi Mungu anikinge na riya na anisamehe niliyoyatenda.

Kazi ya mkono haina aibu

Tuanze na lililo wazi. Uislamu haumdharau anayehangaika. Katika Suratul Jumu'a, aya ya 10, Mola wetu anatuamrisha tukimaliza sala tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila zake. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, ametufundisha kwamba hakuna aliyewahi kula chakula bora kuliko kile alichokichuma kwa mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) naye alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Ametufundisha pia kuwa mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni na kuziuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Abdulrahman bin Auf (r.a.) alifika Madina akiwa mikono mitupu. Ndugu yake aliyeunganishwa naye na Mtume, Saad bin Rabii (r.a.), alimtaka wagawane mali nusu kwa nusu. Abdulrahman alimwombea baraka katika mali yake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alirudi na jibini na samli, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa utajiri wake.

Na asiseme mtu kwamba kazi ya nyumbani imeletwa na intaneti. Mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na pato lake akilitoa sadaka. Mtume alipowaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi, walipimana mikono. Zaynab alipotangulia ndipo walipofahamu kwamba urefu ule ulikuwa wa ukarimu. Mkono uliofanya kazi nyumbani ulikuwa mrefu kuliko yote.

Sisi Waislamu wa Rwanda tuna sababu yetu ya ziada ya kulijali jambo hili. Zama za ukoloni elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na babu zetu wengi walibaki nje ya milango ya shule. Wakashika biashara, ushonaji na udereva. Pale Biryogo na Nyamirambo waliitwa Abaswahili, na kwa ndimi za watu wengine neno umuswahili likawa na maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, na sisi tumeketi katika madarasa ambayo babu zetu hawakuyaona. Jina lile baya tutalifuta kwa uaminifu wetu, au tutalithibitisha sisi wenyewe. Hakuna atakayetufanyia.

Niliyoyaficha

Napanga chumba Remera, upande wa Giporoso. Mwaka wa pili wa masomo hali nyumbani ilikuwa ngumu, na nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Rafiki mmoja tuliyejuana kwa simu, aliyekuwa Nairobi, aliniambia ipo kazi ya kuandika, haihitaji mtaji, unahitaji kompyuta na Kiingereza kizuri. Nikakubali kabla sijauliza ni kuandika nini.

Ilikuwa kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo kazi zao za darasa. Wao wanalipa, wewe unaandika, jina linakuwa lao na alama zinakuwa zao. Nililipwa dola 4 kwa ukurasa, ambazo kwa wakati ule zilikuwa karibu faranga 5,000. Kwa kuwa kwao ni mchana sisi tukiwa tumelala, nilikuwa nikiandika kuanzia baada ya Isha hadi karibu na Alfajiri. Kwa juma nilimaliza kurasa 10, mara nyingine 12. Kodi ikalipwa. Nikamtumia mdogo wangu ada ya shule. Mama alinisifu kwa jirani zake kwamba mwanawe anajitegemea.

Naomba mnielewe hapa. Sikuwa mjinga wa hukumu. Muhula uleule nilikuwa nasoma fiqhi ya miamala, na katika mtihani tuliulizwa masharti ya ijara, yaani mkataba wa kuajiriwa kwa ujira. Nikaandika vizuri kabisa kwamba manfaa yanayouzwa lazima yawe yameruhusiwa na sharia, na kwamba kuajiriwa kwa jambo la haramu ni batili hata kama ujira umekubaliwa na pande mbili. Nilipata alama nzuri. Usiku ule ule nilifungua kompyuta nikaendelea na kazi ya mtu.

Niliishi hivyo miezi saba. Katikati yake ikaingia Ramadhani ya 1445. Nilikuwa nikitoka kusali Tarawehe na kwenda moja kwa moja kuandika.

Katika siku hizo mama alikuja kutoka Rubavu kutibiwa hapa Kigali, akalazwa. Usiku mmoja nikiwa pembeni ya kitanda chake, alikuja muuguzi, binti wa umri wetu, kumchoma sindano. Alikuwa na karatasi ndogo, akapiga hesabu ya kipimo cha dawa kwa kalamu. Kisha akasimama. Akasema, "Mama, nivumilie kidogo, namsubiri mwenzangu ahakiki." Mwenzake akaja, akaipiga hesabu upya, wakalingana, ndipo akachoma.

Ndugu zangu, juma lililotangulia nilikuwa nimeandika kazi ya mwanafunzi wa uuguzi juu ya kupima dawa za watoto kwa uzito wao. Mimi sijapata kushika sindano maishani mwangu. Nilichukua hesabu vitabuni, nikazipanga vizuri, na mteja akapata alama ya juu hata akaniletea kazi nyingine. Nikamtazama mama, nikajiuliza: yule niliyemwandikia, siku atakaposimama mbele ya kitanda cha mama wa mtu, hesabu yake ataipata wapi?

Sikulala usiku ule.

Rundo la nafaka

Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka. Akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni. Yule akajibu kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya si katika sisi.

Tuizingatie hadithi hii. Yule mtu hakuwa mwizi. Nafaka ilikuwa yake, mvua hakuileta yeye, na soko lilikuwa halali. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipanga juu kinachopendeza na chini kinachofichwa. Na kilichomfichua ni mkono ulioingia ndani ya rundo.

Tunaofanya kazi vyumbani kwetu hatuna mkono huo. Hakuna mkaguzi wa soko anayepita Giporoso saa 8 usiku kutazama kompyuta ya mwanafunzi. Mteja hakujui sura, nawe humjui. Ndiyo maana kazi ya nyumbani inataka taqwa kubwa kuliko kazi ya sokoni, kwa sababu hapo kati yako na udanganyifu hakuna kizuizi isipokuwa kumjua Mwenyezi Mungu kwamba anakuona.

Nyudhuru tunazojipa

Nilikuwa na nyudhuru nne, na kwa kuwa nimezisikia kwa wengine wengi, nitazitaja.

Udhuru wa kwanza: nimetoa jasho langu. Ni kweli, nilichoka. Lakini anayebeba makreti ya pombe naye anachoka. Jasho linaonyesha kwamba umefanya kazi, halionyeshi kwamba kazi ni halali.

Udhuru wa pili: mteja yuko mbali na si Mwislamu. Usiku wa Hijra, Maquraishi walikuwa wakimvizia Mtume (s.a.w.) wamuue. Pamoja na hayo alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili arudishe amana za watu hao hao. Kama amana ya adui mshirikina ilihifadhiwa usiku wa kukimbia kifo, basi mwalimu wa chuo cha ng'ambo anayeamini kwamba kazi aliyopewa ni ya mwanafunzi wake naye ana haki ya kutodanganywa.

Udhuru wa tatu: kila mtu anafanya. Hapa Afrika Mashariki kazi hii ni kubwa kweli, hasa Kenya, ambako vijana wengi wenye shahada na wasio na ajira wanaishi kwayo. Mwaka 2024 ilitoka filamu iitwayo The Shadow Scholars juu yao, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, ambaye asili yake ni Kenya. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuwauzia wanafunzi wa England kazi hizi kuwa kosa la jinai. Mimi siwacheki vijana hao, maana nilikuwa mmoja wao na naijua njaa iliyowapeleka huko. Lakini wingi wa watendaji haubadili hukumu. Tena tazama dhulma iliyomo: kijana mwenye akili anaandika hadi macho yanauma, na elimu yake inavaliwa na mtu mwingine kama kanzu. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionyesha kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Mvaaji ni mteja. Mshonaji ni sisi.

Udhuru wa nne: dharura. Wanazuoni wetu wamesema dharura huhalalisha kilichokatazwa, na wameifafanua: ni hali ya kuhofia uhai au mfano wake, na hukadiriwa kwa kiasi chake. Deni la kodi ni dhiki, na dhiki inaumiza. Lakini nilikuwa na njia nyingine ndogo za halali ambazo sikuzijaribu kwa kuwa hazikulipa haraka. Haraka yangu niliipa jina la dharura.

Abubakar Siddiq na tonge moja

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Abubakar (r.a.) alikuwa na mtumishi aliyekuwa akimletea sehemu ya pato lake. Siku moja alimletea chakula, Abubakar akala. Mtumishi akamuuliza kama anajua kimetoka wapi. Akamweleza kwamba zama za ujahili alimpigia mtu ramli, na hata ramli yenyewe hakuijua vizuri, alimhadaa tu. Sasa mtu yule amekutana naye na kumlipa. Abubakar akatia kidole kinywani akatapika kila kilichokuwa tumboni.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii tangu madrasa. Nilipoirejea baada ya usiku wa hospitalini niliona kitu ambacho sikukiona utotoni. Mtumishi yule alilipwa kwa kujifanya ana ujuzi asiokuwa nao. Ni karatasi yangu ya dawa za watoto ileile.

Nilimwendea mwalimu wangu, nikamweleza yote. Hakunikemea. Aliniambia: acha leo, juta, azimia usirudi. Fedha iliyobaki mkononi itoe kwa wahitaji bila kuhesabu kwamba ni sadaka yako, maana unajisafisha tu. Iliyokwishaliwa, omba msamaha na uzidishe wema kutoka katika halali. Kwenye simu nilikuwa na faranga 140,000, na kodi ilikuwa imekaribia. Nilimlipia dawa mgonjwa mmoja asiye na uwezo. Sikumwambia sababu.

Katika Suratut Talaq, aya ya 2 na ya 3, Mwenyezi Mungu anaahidi kwamba mwenye kumcha atamfanyia njia ya kutokea na atamruzuku kwa namna asiyoitazamia. Sitaki mdhani kwamba kesho yake mlango ulifunguka wenyewe. Nilihama chumba kile, sasa tunakaa watatu Giporoso hapo hapo. Nafundisha Kiswahili watoto wa majirani jioni tatu kwa juma, na nafasiri barua na matangazo kati ya Kinyarwanda na Kiswahili. Mwezi mzuri napata faranga 80,000, chini ya nusu ya nilizokuwa nikipata. Bado nina deni dogo. Lakini Alfajiri naisali na jamaa, na nikiinua mikono kumwombea mama sikumbuki tena ile hadithi ya msafiri mwenye nywele timutimu na vumbi, anayeomba dua huku chakula chake ni haramu na vazi lake ni haramu, na Mtume akauliza atajibiwaje.

Maswali matano kabla ya kuanza

Ndugu yangu unayetafuta kazi ya nyumbani, jiulize haya.

Kwanza, ninauza nini hasa? Kumfundisha mtu kuandika ni halali na ina thawabu. Kuchapa maandishi yake, kumfasiria, kumsahihishia lugha kwa kiasi ambacho mwalimu wake ameruhusu, yote hayo ni halali. Kuandika mahali pake si kumsaidia, ni kusaidiana katika dhambi, na Suratul Maida, aya ya 2, inatukataza.

Pili, kazi hii ingefanyika mchana, kila mhusika akiitazama? Kama kuna mmoja ambaye lazima asijue, hapo ndipo penye nafaka iliyoloa.

Tatu, bei yangu iko wazi? Wapo wenzetu wanaowasaidia wazee kuomba huduma za serikali kupitia Irembo. Ni kazi njema. Mwambie mzee ada ya serikali ni kiasi gani na ujira wako ni kiasi gani. Ukivichanganya ili asijue, umempunja, na Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia wapunjaji.

Nne, nimetimiza kipimo? Unayepika sambusa na mandazi kwa oda, nyama iwe ile uliyoitangaza, na mafuta yawe yale ambayo wewe mwenyewe ungempikia mama yako.

Tano, fedha inatoka wapi? Kazi inayokutaka ulipe kwanza kisha uwaingize wenzako ili upate fungu lao si kazi. Kubeti si kazi, ni kamari.

Kwa anayenunua

Nisimalize bila kuwageukia wanaonunua, maana wamo miongoni mwetu. Baada ya kuacha, ndugu mmoja tunayesali naye alinijia. Alitaka nimwandikie tasnifu yake kwa faranga 250,000. Wakati ule nilikuwa na deni. Nilimwambia sitaandika, lakini tutaketi pamoja kila Jumamosi nimsaidie aiandike mwenyewe, bila malipo. Alikuja mara mbili, akaacha. Tunapokutana msikitini tunasalimiana, ila si kama zamani.

Ndugu yangu, kama unasoma hapa, sikuchukii. Nakukumbusha tu kwamba katika Surat Al-Imran, aya ya 188, Mola wetu anawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Shahada ni sifa ya namna hiyo, nawe utaitundika ukutani na kula kwayo miaka 30. Na wapo watakaosema siku hizi hakuna haja ya kumlipa mtu, programu ya akili bandia inaandika bure. Bei ndiyo iliyoshuka, hukumu haijashuka.

Siku ya Kiyama, kama alivyotufahamisha Mtume (s.a.w.), nyayo za mja hazitaondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Kwa hiyo mkono utaingia ndani ya rundo, hapana budi. Heri tuutie wenyewe leo, usiku, mlango ukiwa umefungwa, tukiwa bado na nafasi ya kuanika kilicholoa.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Wafungulie milango ya riziki njema vijana wetu wanaohangaika, wape shifaa wagonjwa wetu, na utusamehe sisi na wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.